Ipo, Ila Haipimiki

Karatasi ikishatundikwa ndani ya mtungi wa kioo na kifuniko kikawekwa, hakuna tena la kufanya ila kungoja. Noa aliipenda saa hiyo kuliko saa nyingine yoyote ya kazi. Alivuta stuli karibu na meza, akaegemeza kidevu viganjani, akatazama unyevu ukipanda kwenye karatasi, taratibu, kama chumvi inavyopanda kwenye kuta za nyumba za mtaa wa Ngamiani pasipo mtu kuiona ikitembea. Ulipofika kwenye kitone cha rangi alichokidondosha chini, kitone kile kiliamka. Kilinyooka, kikapanda, kikaanza kuachana na nafsi yake. Kilichokuwa manjano moja kikawa manjano mbili, moja ikitangulia na nyingine ikijikokota nyuma, mfano wa watu waliotoka mlango mmoja na kila mtu akashika njia ya kwao.

Alikuwa kijana wa Usambara, mtoto wa Walutheri, mtu wa maneno machache. Mwaka ule wa hamsini na saba hakuwa mgeni tena katika maabara ndogo ya mji wa Tanga. Kazi yake ya kila siku ilikuwa maziwa na maji ya visima. Hii ya karatasi ilikuwa mpya, na kwake ilikuwa kama ndoto ambayo mtu analipwa kuiota.

Lakini siku ile ndoto ilikuwa na mwiba ndani yake. Kitone kilichokuwa kikipanda kilikuwa wino wa zafarani wa Shehe Idarusi, na Shehe Idarusi ndiye mwenye nyumba aliyopanga Noa. Chakula alichokula Noa kila jioni kilipikwa na Bi Mwatumu, dada yake Shehe.

Mambo yalianza hivi. Mama mmoja aitwaye Kristina, mke wa mkata mkonge wa huko Mwera, alimleta mtoto wake mwenye homa kwa Shehe Idarusi amwandikie kombe. Wapo Wakristo wengi waliofanya hivyo, na Shehe hakumuuliza mtu dini yake. Alichukua sahani nyeupe, akachovya kalamu ya mwanzi katika wino wa zafarani na marashi, akaandika aya, akaziosha kwa maji, na maji yale akampa mama katika chupa. Mtoto alikunywa. Jioni alitapika, tena akatapika manjano. Hospitalini alipata nafuu, lakini mama alipoulizwa mtoto amekula nini, alisema ukweli, na maneno yakamfikia Bwana Afya wa mji.

Bwana Afya alikuja Ngamiani na baiskeli yake. Alipopita ukumbini na kutokea uani, alimkuta Bi Mwatumu amechutama mbele ya sufuria inayotokota, akichovya miyaa ya mikeka katika rangi ya manjano ya dukani, ile ya kopo. Hatua chache kutoka hapo, dirishani, chupa ya wino wa Shehe ilikuwa ikipigwa na jua. Bwana Afya alitazama sufuria, akatazama chupa. Alichukua chupa na kopo la rangi, akamwambia Shehe aweke kalamu chini mpaka maabara iseme. Ikithibitika kwamba rangi ya mikeka imo ndani ya wino kwa kiasi kilichokatazwa, Shehe hataandika kombe tena, si mwezi huu wala mwezi ujao.

Kalamu ile Shehe alirithishwa na baba yake. Hakuwa na kazi nyingine aliyoiita kazi.

Noa alikuwa amemweleza mkubwa wake mapema. "Bwana Ernesti, mimi naishi kwa mtu huyu. Nakula kwake. Afadhali kazi hii aifanye mwingine."

Bwana Ernesti alikuwa Mgoa mzaliwa wa Tanga, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alicheka kwa pua. "Nitafute nani? Mimi mwenyewe dada yake aliniuzia mkeka ninaolalia. Tanga hii, Noa, ukitaka mpimaji asiyemjua mtu, itabidi umwagize kwa meli. Pima. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Basi Noa akapima. Unyevu ulipofika juu alitoa karatasi, akaikausha, akaingia nayo katika chumba cha giza pembeni ya maabara, akafunga mlango na kuwasha taa ya urujuani.

Chini ya taa ile vitu vya dunia hubadilika tabia. Kola ya shati huwaka kama mbalamwezi. Meno ya mtu huonekana kabla ya uso wake. Zafarani, yenye rangi kali mchana, hapo huzimika ikawa doa la giza. Noa aliinamisha karatasi, na juu ya doa lile akaona nuru ya manjano yenye ukijani, laini, kama kitu kilicholala chini ya maji. Karibu nayo, pale alipodondosha rangi ya kopo kwa ajili ya kulinganisha, palikuwa na nuru nyingine kwenye kimo kile kile, au karibu sana na kile kile.

Alikaa gizani kidogo, kisha akafungua mlango.

"Ipo," alisema.

"Kiasi gani?" aliuliza Bwana Ernesti bila kuinua kichwa.

"Nyingi."

"Nyingi ni neno la sokoni. Kiasi gani?"

Noa aligeuza karatasi mkononi.

"Na karatasi tupu iko wapi?"

Karatasi tupu ni ile inayopitishwa njia yote iliyopita nyingine, ikakunjwa vile vile, ikaloweshwa vile vile, ila haikutiwa kitone chochote. Noa alikuwa ameitengeneza kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, lakini hakuwa ameitazama. Waliingia pamoja chumba cha giza. Wakaiweka chini ya taa. Karatasi tupu nayo iliwaka. Nuru yake ilitambaa upande wa pembeni, ikapanda mpaka kimo kile kile, manjano yenye ukijani, kama kwamba wino wa Shehe ulikuwa umepita hapo kimiujiza.

Kisha Bwana Ernesti alisema kwa upole, "Lete mkono."

Noa aliweka mkono wake wa kulia chini ya taa. Aliuona kama mkono wa mtu mwingine. Vidole vyote vitatu vya mbele viling'aa mpaka kwenye kiungo, na kucha zilizungukwa na mstari wa nuru, kana kwamba ametoka kushika vimulimuli kiganja kizima.

"Jana ulikula nini?"

"Wali na mchuzi wa papa."

"Wenye bizari ya manjano."

"Bi Mwatumu husema bila manjano huo si mchuzi, ni maji yaliyomkosea samaki adabu."

Bwana Ernesti alicheka mpaka miwani ikamshuka. "Na ulinawa?"

"Kwa sabuni. Mara mbili."

"Sabuni ni ya macho ya watu. Wewe unashika karatasi na vidole vimelowa spiriti, na spiriti ndiyo inayoyaita manjano yatoke kwenye ngozi. Kisha yanapanda na wengine." Alizima taa, wakabaki wamesimama gizani. "Sikia, Noa. Mkono huu una nuru yake. Kitu chochote ambacho nuru yake ni ndogo kuliko ya mkono wako, wewe huwezi kukipima. Ukitaka kujua mpaka wa kipimo chako leo uko wapi, uko kwenye sufuria ya mama huyo."

"Basi nikipima kwa mkono huu..."

"Utaandika kwamba haipimiki. Na utakuwa hukusema uongo." Alifungua mlango, mwanga wa mchana ukaingia kama mtu mwenye haraka. "Ila utakuwa umeipima kari ya Bi Mwatumu, si wino wa Shehe."

Noa alirudi Ngamiani akitembea, ingawa siku nyingine alipanda baiskeli. Neno lile lilimwenda kichwani kama nyuki ndani ya chumba. Angeweza kuliacha jambo palepale lilipo. Angekula kama kawaida, angepima kama kawaida, angeandika haipimiki, na Shehe angerudishiwa chupa yake. Akiisafisha mikono, mpaka wa kipimo utashuka, na huko chini huenda kuna kitu kinachomngoja Shehe.

Barazani alimkuta Shehe Idarusi amekaa na tasbihi, na mbele yake mzee mmoja amembeba mjukuu begani.

"Nimeambiwa ningoje, nangoja," Shehe alikuwa akisema. "Mpeleke hospitali, mzee wangu. Mimi nitamwombea."

"Hospitali nimetoka. Nilitaka na lako."

"Langu ni dua tu kwa sasa."

Mzee aliondoka kwa kusitasita. Alipofika kona aligeuka, kama mtu anayetarajia kuitwa. Shehe alikuwa akitazama viganja vyake.

"Shikamoo, Shehe."

"Marahaba, mwanangu. Umeshinda salama?" Hakuuliza neno la wino. Tangu jambo lile lianze hakuuliza hata siku moja, na kutouliza kwake kulikuwa kuzito kuliko swali.

Chakula kilipotengwa ukumbini, kilikuwa wali na mchuzi ule ule. Noa alitazama sinia, akatazama vidole vyake.

"Bi Mwatumu, samahani. Naomba kijiko."

Bi Mwatumu aliyekuwa anajimiminia maji ya kunawa alisita, birika likabaki hewani. Alikuwa mama mnene, mwepesi wa ulimi, mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye viwiko. "Kijiko?"

"Ndiyo, mama."

"Weye unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi chakula changu ndicho kinachoumwa! Idarusi, umesikia? Msambaa ameomba kijiko. Alipokuja hapa alikuwa hajui hata samaki ana miba, nimemfundisha miye kumchambua kwa vidole, leo amekuwa mzungu. Kesho ataomba meza na kitambaa cheupe. Kesho kutwa ataomba apikiwe na mwanamume!"

"Mwatumu," alisema Shehe.

"Niache niseme. Anatukinai. Kwa sababu ya yale mambo ya wino anatuona sisi ni najisi."

"Sivyo, mama," Noa alisema, na kwa kuwa hakuwa mwepesi wa kujitetea, alieleza kama alivyozoea kueleza, kitu baada ya kitu. Aliwaeleza kuhusu karatasi tupu iliyowaka, na mkono chini ya taa, na bizari. Alieleza kwamba mkono wake ukiwa na manjano, kitu kidogo kilichomo ndani ya wino hakiwezi kupimika, kwa sababu mkono utakuwa unapiga kelele kuliko wino.

Bi Mwatumu alisikiliza kinywa wazi. Kisha akili yake, iliyokuwa nyepesi kama ulimi wake, ikafika pale ilipofika ya Noa.

"Ngoja. Mkono ukiwa na manjano hutaweza kupima?"

"Sitaweza."

"Na usipoweza kupima, kaka yangu ataachwa?"

Noa aliinamia sinia.

"Basi kula, mwanangu!" Alisukuma sinia mbele. "Kula kwa mikono miwili! Kesho nitaongeza manjano mpaka uyaoge. Nitakupikia asubuhi, nitakupikia adhuhuri, utakwenda kazini unang'aa kama bibi harusi!"

Noa alicheka bila kutaka. Hata Shehe midomo ilimcheza. Lakini Shehe aliacha tasbihi yake gotini, akainama mbele, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na nafsi yake.

"Mwatumu, mpe kijiko."

"Idarusi!"

"Yule mtoto alitapika. Mimi ndiye niliyemwandikia. Unadhani silali nikijiuliza? Mpe kijiko, dada yangu. Mimi nataka kujua kuliko huyo Bwana Afya."

Kijiko kilichokuwamo nyumbani kilikuwa cha kukorogea chai. Bi Mwatumu alikileta, akakiweka siniani kwa kishindo kidogo, na Noa alikula wali jioni ile kwa kijiko cha chai, kidogo kidogo kama kuku, huku mama akimtazama na kusonya kila alipokosa kinywa.

Siku zilizofuata alikula hivyo hivyo. Asubuhi alisugua kucha kwa ndimu, kisha kwa spiriti, kisha akaingia chumba cha giza kutazama mkono wake. Nuru haikuondoka kwa pupa. Ilififia kama ndoto inavyomtoka mtu aliyeamka, ambayo ukiifukuza inakaa na ukiisahau inapotea. Kwanza ilitoka kwenye viganja, halafu kwenye vidole, na ikang'ang'ania muda mrefu chini ya ukucha wa kidole cha shahada. Hata huko nyumbani, akilala mchana wa Jumapili baada ya kanisa, aliota anakwenda katika mji wa giza ambao kila mtu anatambulika kwa alichokula.

Mkono ulipokuwa mweusi kabisa chini ya taa, Bwana Ernesti alimwekea mtihani.

Alikuwa ameyeyusha rangi ya kopo katika maji, akachukua nusu akaiongezea maji, nusu ya hiyo akaiongezea maji tena, akashuka hivyo ngazi kwa ngazi mpaka maji yakaonekana maji matupu. Kila ngazi aliidondosha kwenye kipande chake cha karatasi, akaandika alama nyuma, akavichanganya vipande kama karata.

"Vipange," alisema. "Kuanzia chenye nuru kubwa mpaka kidogo. Usigeuze kutazama nyuma."

Noa alivipanga. Bwana Ernesti aligeuza alama, akaandika, akavichanganya tena. Wakafanya hivyo asubuhi, wakafanya baada ya chakula, wakafanya kesho yake. Vile vya juu Noa hakukosea hata mara moja, ni kama kupanga watu kwa urefu. Alipoteremka chini kidogo, mkono wake ulianza kusita. Kipande alichokitanguliza asubuhi alikirudisha nyuma mchana. Chini zaidi aliona nuru, aliiona wazi, lakini mbili zikiwekwa pamoja hakuweza kusema ipi imeizidi ipi. Na chini kabisa alikuwa anakisia tu, akiita karatasi tupu kuwa ina kitu na yenye kitu kuwa tupu.

"Sasa umeona kwamba mipaka ni miwili," alisema Bwana Ernesti. Walikuwa bado gizani, sauti yake ikitoka mahali pasipo na uso. "Huu hapa ndipo unapokosa kuona. Na huu hapa juu ndipo unapokosa kupima. Watu wengi hudhani ni mmoja."

"Na hapo katikati?"

"Umewahi kusimama kwenye barabara ya shamba la mkonge, ile iliyonyooka, ukamwona mtu anakuja kutoka mwisho wake? Unajua ni mtu. Si mti, si ng'ombe. Lakini ni mwanamume au mwanamke, ni mzee au kijana, hujui. Mtu akikuuliza ana umri gani, utasema nini?"

"Nitasema bado yuko mbali."

"Basi hapo katikati ndipo watu wanaposhindwa kusema hivyo. Wanaandika umri."

Wakaja kwenye wino wenyewe. Noa alidondosha kitone kwa mrija wa kioo mwembamba kama uzi, akatundika karatasi, akafunika mtungi, akakaa akingoja. Safari hii hakuota chochote. Alipoingia chumba cha giza aliitazama karatasi tupu kwanza, nayo ilikuwa giza tupu, giza la kupendeza. Kisha akaitazama ya wino. Doa jeusi la zafarani lilikuwa pale. Nuru pana ya kwanza haikuwapo tena. Lakini mahali palepale pa rangi ya mikeka, penyewe hasa, palikuwa na nukta ndogo ya nuru. Ukiikazia macho ilisogea. Ukitazama pembeni ilirudi.

Alirudia. Ikarudi. Alijaribu kuongeza kitone ili nuru ikue, lakini zafarani nayo ilizidi ikatanda na kuifunika, ikawa kama kumtafuta mtu kwa kuongeza umati. Bwana Ernesti akatazama kwa macho yake mwenyewe, akatazama tena, akasema, "Ipo." Waliilinganisha na vile vipande vya ngazi. Iliangukia pale pale katikati, chini ya mpaka wa kupima na juu ya mpaka wa kuona.

Noa aliandika alichokiona: kwamba rangi ipo, kwamba kiasi chake ni kidogo kuliko kile ambacho njia hii inaweza kupima, na kwamba kiasi kidogo kabisa kinachopimika kwa njia hii ni hiki hapa.

Bwana Afya alisoma akiwa amesimama. "Sasa hii ni nini? Ipo au haipo?"

"Ipo, bwana."

"Kiasi gani?"

"Chini ya hicho."

"Chini kwa kiasi gani?"

"Hicho ndicho nisichokijua."

Bwana Afya alimtazama Bwana Ernesti, ambaye alikuwa akifuta miwani yake kwa makini makubwa. Hakuwa mtu mbaya, Bwana Afya. Alikuwa na watoto wake, na alikwisha kuona watu wakifa kwa vitu vidogo. Alisoma tena, akalinganisha na kiasi kilichokatazwa, akaona kilichokatazwa kiko juu sana, mbali hata na mpaka wa kupima. "Daktari naye anasema homa peke yake hutapisha," alisema hatimaye, kama anayejibishana na mtu asiyeonekana. Alitia sahihi. Chupa ya wino ikafungwa katika karatasi, ikarudishwa kwa mwenyewe.

Noa aliipeleka yeye. Ukumbini Bi Mwatumu alipiga kigelegele kimoja ambacho kilileta majirani watatu mlangoni, akataka kumkumbatia, akakumbuka rangi mikononi mwake, akamkumbatia hivyo hivyo. Lakini Shehe Idarusi alishika chupa bila kuifungua.

"Ipo?" aliuliza.

"Ipo, Shehe. Kidogo. Sheria imekuruhusu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hatuwezi kusema. Tunaiona tu."

Shehe alifikiri. "Naweza kuiona na mimi?"

Kesho yake asubuhi alikuja maabara amevaa kanzu safi na koti, akaamkiana na Bwana Ernesti kwa heshima ndefu, akavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Noa alimwingiza chumba cha giza. Taa ilipowaka, kanzu ya Shehe ililipuka kwa weupe wa buluu, na mzee akajitazama mikono na mabega kwa mshangao kama mtu aliyevikwa nguo ya harusi usingizini.

"Subhana," alinong'ona.

"Hapa, Shehe. Juu kidogo ya doa jeusi. Usiikodolee. Tazama pembeni yake."

Ilichukua muda. Pumzi ya mzee ilisikika, polepole, ikija na kwenda. Kisha ikasimama.

"Naiona," alisema. "Kama nyota ya alfajiri inayotaka kuondoka."

Alijinyoosha polepole.

"Kwetu," Shehe alianza, "zipo najisi zilizosamehewa. Kitone kilichoruka kikaangukia nguo, kidogo hata jicho la wastani lisikione, hakimharibii mtu sala yake. Jicho la wastani, si la mwenye kutafutiza. Dini haikuja kutuchosha."

"Lakini hii si najisi, Shehe. Ni rangi tu."

"Najua. Njiani nilikuwa nikijiambia, labda hukumu yake ni kama hiyo. Nilikuja nikitaka sana iwe hivyo." Aliinama tena. "Pasipo taa hii nisingeiona?"

"Usingeiona. Hata mimi nisingeiona."

"Basi mpaka jana ilikuwa imesamehewa." Alinyooka, na kanzu yake ikayumba gizani kama pazia. "Leo nimeiona."

"Shehe, huenda haina madhara yoyote. Ni kidogo mno."

"Huenda. Wewe mwenyewe umeniambia hujui, nami nimekupenda kwa hilo. Sheria imeniruhusu, nimeisikia, Mungu amlipe aliyeiandika. Lakini sheria haimnyweshi mtoto. Anayemnywesha ni mimi."

Noa alimsindikiza mpaka nyumbani, na huko Shehe alitoka na chupa mpaka uani, akaimwaga kwenye mchanga karibu na shimo la maji machafu. Harufu ya marashi ilipanda ikajaza ua mzima. Bi Mwatumu alitoka jikoni mbio.

"Zafarani yote hiyo! Umeruhusiwa, Idarusi, na bado unamwaga?"

"Nitaagiza nyingine Mombasa. Watu watangoja kidogo, nami nitangoja nao."

Bi Mwatumu alitazama doa la manjano likizama mchangani, kisha akatazama sufuria yake ya miyaa, na dirisha, na upepo uliokuwa ukichezea nguo kwenye kamba. Uso wake ulibadilika.

"Ni miye?" aliuliza kwa sauti ndogo ambayo Noa hakuwahi kuisikia kwake.

"Hakuna aliyesema ni wewe. Huenda ni muuzaji. Huenda ni mikono yangu."

"Hakuna aliyesema si miye."

Bi Mwatumu alijifunga kanga kiunoni, akanyanyua sufuria na matita ya miyaa, akaanza kuyahamishia ng'ambo ya nyumba, upande wa barabara, akiguna peke yake.

Shehe alichuchumaa penye mtungi wa maji. Alileta sahani zake nyeupe, kalamu, na chupa tupu, akavipanga juu ya jamvi. Noa alivua shati la kazi, akamwagia maji kwa kata. Maji ya kwanza yalitoka chupani yakiwa na rangi ya kiini cha yai. Ya pili yalikuwa kama chai iliyokosa majani. Shehe aliisugua chupa kwa mchanga na jivu, akaikung'uta, akaijaza tena, akaimimina taratibu juu ya sahani nyeupe ili waone.

"Bado?" aliuliza.

"Bado, Shehe. Naiona kwa mbali."

Alimwaga, akasugua, akajaza tena. Jua lilikuwa limefika katikati ya ua. Waliinamia sahani wote wawili, vichwa vikikaribia kugusana.

"Na sasa?"

Noa alitazama sana. Alitazama katikati, akatazama pembeni.

"Sasa siioni."

"Na mimi siioni," alisema Shehe Idarusi. Akamwaga yale maji, akamwinulia chupa. "Haya, tia mengine. Tuoshe tena."